Aliyemnyoosha Mwingereza

Mwingereza aliingia gerejini kwetu akiburutwa kwa mnyororo nyuma ya lori la kokoto, magurudumu mawili yakizunguka na mawili yakigoma. Lilikuwa gari dogo la michezo, la viti viwili, lenye boneti ndefu na paa la turubai ambalo turubai lake lilishakwenda, vikabaki vyuma. Sisi mafundi ndio tuliompa jina hilo, kwa kuwa Uingereza ndiko alikotengenezwa, na kwa kuwa hata akiwa ameoza vile bado alikuwa na maringo.

Mimi ni fundi wa rangi. Wakati huo nilikuwa na kibanda changu kwenye kona ya gereji ya Mzee, na nilikuwa nimekaa humo miaka mingi kuliko niliyokaa na mke wangu. Kwa hiyo haya sikusimuliwa. Nilikuwepo, na ingekuwa heri kwa wengine kama nisingekuwepo.

Kadi ya gari ilikuwa na majina matatu. Wa kwanza alikuwa mpima ardhi aliyekuja nalo melini akiwa kapera, akaliuza mkewe alipojifungua pacha, maana gari la viti viwili halina pa kuweka pacha. Wa pili, daktari wa meno, alilitoa Jumapili tu na kulisugua kama meno ya wagonjwa wake, mpaka alipolibamiza kwenye kalvati likapinda ubavu wa kushoto. Mkewe akamwambia achague, gari au nyumba. Wa tatu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama wa maneno makali, aliyelinunua kwa nia ya kulitengeneza. Kuku wake wakamtangulia. Walitaga ndani ya lile gari miaka tisa. Jina la nne likawa la Mzee.

Mzee alikuwa na watoto wawili, mama yao alishafariki. Mkubwa alikuwa binti. Tulimwita Nyundo kwa sababu kazi yake ilikuwa kunyoosha bodi za magari, na hakuna mwanamume pale aliyemfikia. Mdogo alikuwa wa kiume, na huyo tulimwita Meneja tangu ana miaka sita, kwa kupenda kwake kukaa kwenye kiti cha babake na kuwatuma watu wazima maji ya kunywa. Alipokua akapata kazi ya ofisini kwenye kampuni ya bima, jina likawa limempata mwenyewe.

Siku ile ya kwanza Nyundo alikuwa na miaka ishirini na sita. Alilizunguka gari mara mbili, akachuchumaa, akachomeka bisibisi kwenye bati lililo chini ya mlango. Bisibisi ilizama mpaka mpini.

"Hapa hakuna kitu, baba."

"Kipo. Si nakiona."

"Unaona rangi. Imeshikana na kutu kwa mazoea tu."

Mzee akacheka. "Basi tutaweka."

Hilo "tutaweka" lilikwenda miaka kumi na mmoja, na sehemu kubwa ya hao "sisi" alikuwa mtu mmoja. Magari ya wateja ndiyo yaliyotulisha, kwa hiyo Mwingereza aliguswa saa za jioni na siku za mapumziko. Mzee alishika injini na kabureta zake mbili, kazi ya kukaa kwenye kigoda. Nyundo alishika yaliyobaki. Sakafu yote aliikata na kuichomelea upya. Madigadi ya mbele ya kushoto, yale aliyoyabamiza daktari wa meno, hayakuwa na dawa, na mengine hayakupatikana popote. Akachukua bati jipya, mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, na nyundo ya mbao, akaanza kuligonga polepole mpaka likaanza kupinda anavyotaka. La kwanza alilitupa. La pili akalitupa. La tatu lilipokaa mahali pake nilipitisha kiganja changu juu yake nikiwa nimefumba macho, ndivyo sisi watu wa rangi tunavyokagua, na sikupata bonde wala kilima. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Sawa, Mjomba," akaenda kunawa. Hatukuwa na udugu wowote, ila tangu mdogo aliniita Mjomba.

Kila alichokifanya alikiandika kwenye daftari, na alipiga picha. Katika picha nyingi hauonekani uso wake, maana kamera alikuwa ameishika mwenyewe au amenipa mimi, na mimi kazi yangu ni rangi.

Jirani na gereji palikuwa na seremala, kijana mpole mwenye penseli sikioni. Yeye ndiye aliyechonga kigezo cha mbao cha kukunjia yale madigadi, akachonga na dashibodi nzuri ya kupaka vanishi. Alikuwa anapita kwetu mara nyingi kuliko kazi ilivyotaka. Sote tuliona, tukangoja. Mwaka wa tano akapata nafasi kwenye karakana kubwa ya samani mji mwingine, akamwomba Nyundo waoane waende wote.

Nyundo alimfuata babake chini ya boneti. Nilikuwa nasugua mlango wa pikapu ya mteja, hatua nne kutoka pale.

"Baba, seremala amesema nawe?"

"Amesema. Kijana mzuri." Mzee hakuinua kichwa. "Lakini utamwacha Mwingereza hivi? Mtu hahami nyumba haijapauliwa. Maliza kwanza, mwanangu. Kisha nenda nalo. Hili gari ni lako. Nikifa, hakuna atakayekuuliza."

"Usife kwanza, kabureta bado," alisema Nyundo, na wote wawili wakacheka. Hata mimi nilicheka.

Alimwomba seremala angoje mwaka mmoja. Seremala akangoja miwili, akija kila sikukuu kwa basi, kila akija anaonyeshwa kilichoongezeka. Mara ya mwisho alikuja mchana akachukua jiliwa zake za kubania mbao alizotuazima, akampa kila mtu mkono. Alipofika kwa Nyundo alisimama kidogo. Walichosema sikukisikia. Alipoondoka, Nyundo alirudi kwenye rimu aliyokuwa anaifunga spoku, spoku sabini na mbili kwa kila gurudumu, akaendelea pale alipoachia. Miezi minne baadaye tulisikia seremala ameoa.

Gari lilikamilika Nyundo akiwa na miaka thelathini na saba. Nilipaka kijani kile kizito, mapigo saba, na kila pigo nikalisugua kwa msasa wa maji. Nimepaka magari mengi maishani. Lile ndilo pekee ambalo sikutaka likauke na kuondoka kibandani. Mzee aliliendesha kuzunguka mitaa mitatu, Nyundo kando yake, watu wakisimama barazani kuwatazama. Jumapili iliyofuata Meneja alikuja na wenzake wa ofisini, wakapiga picha mmoja mmoja wakiwa wameshika usukani. Kuanzia hapo akawa analiazima kila rafiki yake anapooa. Analirudisha na matope, Nyundo analiosha.

Hata miaka miwili haikutimia, Mzee akapooza upande wa kulia. Ulimi ukawa mzito, lakini akili ilikuwa yake, usidanganywe. Akiletewa uji usio na sukari alijua, na alijua aliyeupika. Kitanda chake kiliwekwa dirishani, kwenye chumba cha nyuma ya gereji, ili asikie kazi ikiendelea. Nyundo alimlisha, akamsomea magazeti, akasimamia mafundi, na bado akagonga mabati. Meneja alikuja kila Jumamosi na matunda.

Jumatano moja, Nyundo akiwa ameenda kununua mabati, Meneja alikuja siku isiyo yake, amevaa tai. Akaniita kibandani.

"Mjomba, nahitaji shahidi kidogo. Mzee anataka kuweka mambo yake sawa." Tukiwa njiani kuvuka ua akaniambia kwamba siku Mzee akituacha yeye ndiye atakayeongoza gereji, na kwamba kona yangu ni yangu, nisiwe na wasiwasi, watu kama mimi hawafukuzwi. Kwa hiyo sikuombwa kuuza kitu. Niliambiwa tu habari njema, kisha nikapewa kalamu.

Karatasi ilikuwa ya kuhamisha umiliki wa gari, kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Niliisoma. Nikapiga goti kando ya kitanda.

"Mzee, unajua hii ni karatasi gani?"

"Najua." Alisema polepole, neno moja moja, kama mtu anayepanda ngazi. "Ya gari."

"Na Nyundo?"

"Nyundo ni mwanamke. Ataolewa. Gari litakwenda kwa watu."

"Ana miaka thelathini na tisa, Mzee."

Akanitazama kwa jicho lake zima. "Alifanya kazi vizuri," akasema. "Lakini jina langu lina mtu mmoja wa kulibeba."

Akaweka saini kwa mkono wa kushoto. Meneja akaniwekea kidole mahali pa shahidi, nikaandika jina langu kwa mwandiko mzuri, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiandika maneno ubavuni mwa malori. Nyundo aliporudi na mabati nilimsaidia kuyashusha. Miezi minne nilikula naye chakula cha mchana karibu kila siku, na sikusema neno.

Mzee alifariki. Baada ya mazishi baba yao mdogo aliwakusanya sebuleni akasoma karatasi ya wosia. Kiwanja na gereji vilikuwa vya wote wawili, Meneja akiwa msimamizi. Gari halikuwa katika mali ya marehemu, alisema, kwa kuwa lilishahamishwa. Nyundo aliomba kuiona karatasi ya gari. Aliisoma amesimama. Kisha akatoka, akavuka ua mpaka kibandani kwangu.

"Mjomba, hii saini ni yako?"

"Ni yangu."

"Baba alisema nini?"

Nilikuwa nimeshika bunduki ya rangi, nikaiweka chini ili nipate muda. Mikono yake ilikuwa mbele yangu imeishika ile karatasi, mikono ya mtu aliyegonga bati miaka kumi na mitano, ukucha mmoja umekufa. Nikawaza, akimchukia nduguye atapona, ndugu yupo hai, watagombana na watapatana. Akimchukia aliyezikwa jana atakwenda kupatana naye wapi.

"Hakusema kitu," nikamwambia. "Ulimi ulikuwa mzito siku ile. Sidhani hata alielewa."

Alivuta pumzi ndefu, na nikaona mabega yake yakishuka. Alifarijika. Akaniambia asante.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miezi mitano, kwa sababu Nyundo alikwenda mahakamani. Sikutegemea. Nilidhani atalia, atanuna, atarudi kazini. Lakini alikuwa na hakika babake ameonewa kitandani, na alisema hatakubali mgonjwa aibiwe saini kisha watu wanyamaze. Hakuwa anapigania gari peke yake, alisema. Alikuwa anamtetea Mzee. Nami nikaletewa wito wa kwenda kutoa ushahidi.

Siku moja kabla ya kesi nilikwenda kumwona nikiwa nimeazimia kumwambia. Nilimkuta anapanga picha zake kwenye bahasha, moja moja, kwa miaka. Kabla sijafungua kinywa akasema, "Mjomba, kesho usiogope. Sema tu ulichoniambia." Nikala machungwa mawili aliyonimenyea, nikarudi nyumbani.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, kina feni moja na viti vya plastiki. Nyundo alisimama asubuhi ile akaeleza kila kitu kwa utaratibu, daftari mkononi: sakafu, madigadi, spoku, mwaka gani, mwezi gani. Akaeleza jinsi babake alivyomwahidi. Akasema baba yule asingeweza kumgeuka akiwa na akili yake, na kwamba shahidi aliyekuwepo chumbani atathibitisha kwamba mgonjwa hakuelewa. Alisema kwa fahari. Baadhi ya watu waliokuja kwa kesi nyingine waliacha kunong'ona wakamsikiliza.

Nikaitwa. Nikaapa. Meneja alikuwa amekaa mstari wa mbele, na alikuwepo chumbani kwa Mzee siku ya saini, alijua kila neno. Barua ya daktari ikisema akili ya mgonjwa ilikuwa timamu ilikuwa mezani. Nilitazama mlango, nikatazama feni.

"Marehemu alielewa anachokitia saini?" hakimu akauliza.

"Alielewa," nikasema.

"Umejuaje?"

"Nilimuuliza. Akanijibu."

"Alijibu nini? Tumia maneno yake."

Nikayasema. Nilisema yote, hata lile la "alifanya kazi vizuri", nikitumaini litapunguza uchungu. Likaongeza. Nyundo hakulia wala hakupaza sauti. Alifunga daftari lake, akaliweka kwenye mfuko, akamwambia hakimu kwamba hana la ziada. Kesi ikawa imekwisha.

Nilimkuta nje kwenye ngazi.

"Ungeniambia siku ile," akasema.

"Nilikuhurumia."

"Hapana. Umeniacha nimtetee mtu asubuhi nzima mbele ya watu, na mtu mwenyewe alishanikana. Mdogo wangu alichukua gari. Gari ni bati, najua kutengeneza jingine." Akashuka ngazi moja. "Baba nilikuwa naye mpaka saa nne leo."

Akaniaga. Alisema, "Kwaheri, fundi," na toka siku hiyo hajawahi kuniita vinginevyo.

Hakurudi gerejini. Alikodi uwanja upande wa pili wa mji akaanza kutengeneza matangi ya maji na mageti. Meneja hakukaa na gereji hata mwaka. Alikodisha kiwanja kizima kwa watu wa maegesho ya magari, nduguye akipelekewa fungu lake, na kibanda changu kilibomolewa Ijumaa moja kabla ya saa tano. Nilimkumbusha aliyoniambia siku tukivuka ua. Akasema, "Mjomba, mambo hubadilika," akanipa lifti mpaka kituoni. Sasa napaka rangi kwenye gereji ya watu wengine, kwa zamu.

Mwingereza aliuzwa kwa mwenye hoteli mmoja anayekusanya magari ya zamani. Huyo bwana ni mtu wa mpangilio. Aliandikisha kijitabu cha historia ya gari, karatasi ya kung'aa, akakiweka mapokezi. Mpima ardhi yumo, daktari wa meno yumo, hata kuku wamo. Baada ya hapo kimeandikwa kwamba gari lilifufuliwa kwa subira na marehemu Mzee akisaidiana na mwanawe wa kiume. Picha ni zile za Nyundo, ambazo nakala zake zilibaki ndani ya kabati la gereji. Moja inaonyesha mkono ulioshika nyundo ya mbao juu ya madigadi, picha ikiishia kwenye kifundo. Chini yake wameandika: Mzee akiwa kazini.

Mwaka jana dereva wa hoteli alilikwaruza gari kwenye nguzo ya geti, madigadi yaleyale ya kushoto yakabonyea. Mwenye hoteli akanitafuta, maana aliambiwa mimi nilipaka. Akataka aliyenyoosha. Nilifikiri usiku kucha kisha nikampeleka.

Nyundo alikuwa ndani ya tangi, anachomelea, tukangoja mpaka atoke. Ana mvi sasa. Alimsalimia bwana yule, akanisalimia na mimi, akasikiliza.

"Mpelekee aliyeandikwa kwenye kitabu chako," akasema.

"Aliyeandikwa ni marehemu."

"Mwanawe yupo. Yuko bima."

Bwana akanigeukia, hakuelewa. "Kwani huyu mama ni nani?"

"Ndiye aliyelitengeneza," nikasema. "Lote. Kitabu chako kimekosea."

Nyundo alikuwa anajifuta mikono. "Hiyo ungeisema nilipokuwa naihitaji, fundi," akasema, bila hasira, kama mtu anayekataa chai. "Sasa hivi nahitaji bati la milimita mbili na fundi wa kunishikia upande wa pili." Akarudi ndani ya tangi lake. Tukasikia mashine ikiwaka.

Ndani ya gari mwenye hoteli akaniuliza kama yale niliyoyasema yana ushahidi. Nikamwambia lilikuwepo daftari, silijui liko wapi. Akasema ni vigumu kubadilisha kitabu kwa maneno matupu.

Madigadi yalipelekwa kwa vijana wa karakana ya karibu. Hawakunyoosha kitu, walijaza puti kwenye bonde, wakaisugua ikaonekana sawa kwa jicho. Ukipitisha kiganja unaijua mara moja, ubaridi wake ni tofauti na wa bati, na mvua mbili tatu zikipita itapasuka. Nililetewa nipake. Nikapaka kijani kilekile, mapigo saba, nikasugua kila pigo. Mwenye hoteli alifurahi sana. Akaniomba jina langu kamili ili aliongeze kwenye toleo jipya, kwa kuwa kazi yangu ina ushahidi na mwenyewe nipo.

Nikamwandikia kwa mwandiko mzuri. Limo, ukurasa wa kumi na moja, chini ya la Mzee na la Meneja.